Kijitabu cha Mwenzako ni Jasho Lake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wenyeviti, makatibu, waweka hazina, akina mama na vijana, tunawashukuru kwa kuacha shamba na kuja. Leo hatuzungumzi juu ya mikopo. Tunazungumza juu ya hizi kopi tunazotoa mjini na kugawana mikutanoni.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wakati mmoja sisi wa ofisi ya maendeleo tulipata kijitabu kizuri cha ufugaji wa nyuki. Tukakitoa kopi chote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umefifia, basi tukauacha. Tukaviuzia vikundi kwa shilingi 50 kila kopi, turudishe gharama. Siku moja mzee mmoja, mstaafu wa idara ya kilimo, akaingia ofisini na kopi yetu mkononi. Kumbe ndiye mwandishi! Alikuwa amemlipa mpiga chapa kwa pesa zake za kustaafu, na vijitabu vilikuwa bado vimejaa chini ya kitanda chake. Hakufoka. Aliuliza tu, "Jina langu mlilipeleka wapi?" Tuliona haya sana. Amri ya saba tunaifundisha watoto, na sisi tumeivunja kwa mashine ya kopi.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Haki ya mwandishi haingoji kuandikishwa. Inaanza mara kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Maandishi yanalindwa maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa hivyo tusiseme, "Mzee alishakufa, sasa ni chetu."

Lakini sheria haikufunga mlango wote. Tunaweza kutumia kazi ya mtu kwa njia ya haki:

1. Kwa kujisomea, kwa utafiti, kwa kuikosoa, au kwa kutoa habari za matukio. Ukiitoa kwa watu, taja ilikotoka.

2. Mtu mmoja anaweza kusoma mbele ya watu sehemu ya kiasi ya kitabu kilichochapishwa, bora ataje mwandishi. Basi katibu, soma bila woga!

3. Ujuzi wenyewe hauna mwenyewe. Ukisoma jinsi ya kutundika mzinga, ukajaribu, ukaandika kwa maneno yako na kuchora picha yako, hiyo ni kazi yako.

4. Sheria za nchi na hukumu za mahakama zenyewe hazina hakimiliki.

Mtauliza, sehemu ya kiasi ni kurasa ngapi? Sheria haikutaja hesabu. Tujiulize: Tunachukua kiasi gani? Tunauza, au tunajifunza? Je, mtu akipata kopi yetu, bado atanunua kitabu cha mwenyewe? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ukitoa kurasa mbili kila wiki, mwisho kitabu kimekwisha. Na kupiga picha kurasa kwa simu na kuwatumia wanachama, hiyo pia ni kopi.

Yule mzee tulimwomba msamaha. Tukampa pesa zote tulizouza, tukanunua na vijitabu vyake kwa ajili ya vikundi. Baadaye yeye mwenyewe alituandikia barua ya kuturuhusu kutoa kopi ya kurasa zinazoeleza utengenezaji wa mzinga, jina lake likiwa juu. Tungeomba mapema, tungeyapata hayo bila aibu. Barua moja tu!

Na nyinyi pia mnatunga nyimbo za kwaya na michezo ya kuigiza. Mtu akirekodi wimbo wenu na kuuza bila kuwauliza, mtalia. Basi tusimlize mwingine.

Kabla ya mkutano ujao, kila katibu apekue faili la kikundi. Kwa kila kopi, aandike juu yake: nani aliandika, na nani alituruhusu. Isiyo na jibu, tuilete, tutafute mwenyewe pamoja.