Njoo na Usije

Shikeni kalamu.

Mtu ana mwanawe Mtwara, anataka arudi Newala kuokota korosho. Aandike nini? Kusoma, amri yake ni soma. Kulima ni lima. Basi kuja ingekuwa “ja”. Sivyo! Andikeni: njoo. Wakiwa wengi: njooni. Kwenda ni nenda, nendeni. Kuleta ni lete, leteni. Haya matatu hayafuati wenzake, yazoeeni tu.

Sasa kukataza. Hapo njoo haimo tena: usije. Wengine huandika “usikuje”, ondoeni ku.

Haya, andikeni: “Mwanangu, njoo upesi, lete magunia mawili. Mdogo wako asije, ana mtihani.”

Someni kwa sauti. Nani arudi, nani abaki?