Ufunguo wa Daftari la Mkulima



Chama chetu kilipoanza, miaka kumi iliyopita, uzani wa pamba yenu uliandikwa katika daftari lililofungiwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao katibu. Leo umo ndani ya kompyuta. Je, ufunguo anao nani?

Kompyuta yetu ni ya namna ya Unix. Kila faili lina ruhusa tatu: kusoma, kuandika na kuendesha, nazo hugawiwa mwenyewe, kikundi chake, na watu wengine wote. Namba 777 maana yake wote wapewe zote. Twakiri kwamba mwaka jana tulilikuta faili la malipo katika hali hiyo. Fundi alitaka kurahisisha kazi, akasahau kulifunga. Tulililinganisha na stakabadhi, tukaona hakuna kilichobadilishwa. Lakini yeyote aliyeingia humo angaliweza kupunguza kilo za mkulima bila kuvunja kufuli.

Hatari hii si ngeni. Novemba 1988, huko Marekani, programu ya mwanafunzi Robert Morris ilienea katika maelfu ya kompyuta. Njia yake mojawapo ilikuwa kusoma faili la maneno ya siri, yaliyofumbwa lakini yaliyo wazi kwa kila msomaji, kisha kuyabahatisha.

Basi tumeazimia: mpimaji aandike uzani, mhasibu aandike malipo, mkaguzi asome tu. Nanyi tunzeni stakabadhi zenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililo wazi kwa wote si daftari.