Profesa Addow na mahafali ya Hoteli ya Shamo

Mama zetu, wazee wetu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma, sogeeni, nafasi iko tele hapa mbele.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vita vya Somalia. Kwa dakika nilizopewa siviwezi vyote, na wapo humu ndani waliovikimbia kwa miguu, hao ndio wa kutufundisha. Mimi nitamzungumzia mtu mmoja tu, Profesa Ibrahim Hassan Addow. Nimewauliza vijana kadhaa kabla ya kuingia, hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo. Majina ya wenye bunduki mnayajua yote lakini!

Addow alikuwa Msomali mwenye uraia wa Marekani. Aliwahi kufanya kazi kwenye chuo kikuu cha American University kule Washington. Yaani ni mtu ambaye angeweza kukaa zake huko, alipwe mshahara, atume pesa nyumbani kila mwezi kama wengine. Akarudi Mogadishu.

Mwaka 2006, Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliwafukuza wababe wa vita Mogadishu. Wale wababe walikuwa wakisaidiwa na Marekani, hilo linajulikana. Vizuizi vya barabarani, pale raia alipokuwa akitozwa kila hatua, vikaondolewa. Uwanja wa ndege na bandari, vilivyokuwa vimefungwa tangu 1995, vikafunguliwa. Na aliyesimamia mambo ya nje ya Mahakama, yaani mtu wa kuongea na ulimwengu, alikuwa Addow. Septemba mwaka huo, huko Khartoum, pande mbili zikakubaliana hata kuunda jeshi moja. Mazungumzo yaliyofuata yakavunjika, na Desemba jeshi la Ethiopia likaingia. Tarehe 28 lilikuwa Mogadishu.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi Wakenya.

Januari 2007 mpaka wetu ulifungwa. Waliokuwa wakikimbia vita walikamatwa, wanawake na watoto wakiwemo, na zaidi ya watu 80 wakapakiwa kwenye ndege Nairobi wakapelekwa Somalia, wengi wao wakaishia jela za Ethiopia. Ndani yao walikuwemo raia wa Kenya. Hakuna aliyefikishwa mbele ya hakimu kwanza. Wakati huo huo, kiongozi wa Mahakama mwenyewe, Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, alijisalimisha akawekwa Nairobi chini ya ulinzi, kisha akaondoka salama kwenda Yemen. Miaka miwili baadaye alikuwa Rais wa Somalia, anapokewa kwa heshima na serikali zile zile. Sina kinyongo na Sheikh Sharif, kufanya mazungumzo naye lilikuwa jambo la busara. Ninachouliza ni hiki: neno "gaidi" lilitoka lini kwa mkubwa, na kwa nini lilibakia kwa yule mdogo aliyekuwa akiuza simu?

Tumrudie Profesa. Mwaka 2008 huko Djibouti, Sheikh Sharif na wenzake walifikia makubaliano na serikali. Waethiopia waliondoka Januari 2009, na mwisho wa mwezi huo Sharif akachaguliwa rais. Addow akapewa Wizara ya Elimu ya Juu.

Hebu fikirieni wizara hiyo. Chuo Kikuu cha Taifa kilikufa pamoja na serikali ya Siad Barre mwaka 1991, na 2009 kilikuwa bado kimefungwa. Serikali yenyewe ilikuwa imeshikilia mitaa michache tu ya Mogadishu, ikilindwa na wanajeshi wa Uganda na Burundi. Waziri wa elimu ya juu bila chuo cha serikali, bila mji! Mtu mwingine angeona ametukanwa.

Vyuo vilivyokuwepo vilianzishwa na raia wenyewe. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha Benadir, kilichoanzishwa 2002 na wasomi na madaktari wa hapo hapo Mogadishu, katikati ya risasi. Desemba 2008 kikatoa madaktari wake wa kwanza, baada ya takriban miaka 20 ambayo mji ule haukuwa na daktari mpya aliyesomeshwa nyumbani. Kila nikifika hapo huwa nashangaa. Hawa watu walisoma anatomia huku mizinga ikilia.

Darasa lililofuata lilipangiwa mahafali tarehe 3 Desemba 2009, kwenye Hoteli ya Shamo. Wazazi walikuja, wahitimu wamevaa majoho. Profesa Addow alikuja, na Ahmed Abdulahi Wayeel, Waziri wa Elimu, na Qamar Aden Ali, Waziri wa Afya, mwanamke aliyekuwa ameishi Uingereza naye akarudi. Ulikuwa ni ukumbi wa waliorudi na waliokataa kuondoka.

Mtu aliyejifunga mabomu akaingia. Serikali ilisema alikuwa mwanamume aliyevaa nguo za kike na hijabu. Akajilipua. Watu zaidi ya 20 walikufa: wanafunzi, walimu wao, waandishi wa habari, na mawaziri hao watatu. Waziri wa Michezo, Suleiman Olad Roble, alijeruhiwa, akafariki Februari 2010. Serikali iliwalaumu Al-Shabaab. Al-Shabaab wakakana.

Lakini kabla hata ya siku ile, Al-Shabaab walikuwa wameshasema wazi kwamba kila aliye ndani ya serikali hiyo ni murtadi na kibaraka. Hao ndio waliokuwa ndani ya Mahakama pamoja na Addow miaka mitatu tu nyuma! Walipigana upande mmoja. Alipokuwa mtu wa Mahakama, wakubwa wa dunia walimtazama kama mtu wa hatari. Alipokaa mezani akatafuta suluhu, waliokuwa wenzake wakasema ameuza dini. Mtu ni yule yule, na kazi ni ile ile, kuongea.

Kijana akikujia na simu, akakuonyesha video kwamba fulani ametoka kwenye dini kwa sababu amekubali cheo au amekaa na serikali, muulize habari za Shamo. Muulize wale wanafunzi wa udaktari walikuwa vibaraka wa nani. Na afisa naye akija mtaani akambeba kijana usiku bila kumpeleka mahakamani, tutamuuliza habari za zile ndege za 2007. Maswali yote mawili tunayauliza sisi, na hatuchagui la kuuliza kwa kuangalia nani amekasirika.

Siku nne baada ya mlipuko, tarehe 7 Desemba, mamia ya watu wa Mogadishu waliingia barabarani, baadhi yao walionusurika pale hotelini. Mji mwingi ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab. Wakaichoma bendera yao nyeusi mchana kweupe. Na Benadir hawakufunga chuo. Wanafunzi waliobakia walirudi madarasani, na mpaka leo kinatoa madaktari.