Mchanga wa Shela na Maji ya Amu
Maneno ya kamati, yaliyosomwa katika harambee ya mwaka



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu mliokuja kutoka Mombasa, Malindi na Nairobi, na nyinyi mtakaoyasoma maneno haya mkiwa Maskati au Jidda, karibuni nyumbani. Tunawashukuru kwa michango ya mwaka uliopita. Hesabu yake imechapishwa katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki, na mweka hazina yupo, atajibu kila swali. Kwa hiyo hatutaisoma hapa. Muda tuliopewa tunautaka kwa jambo moja ambalo linazungumzwa kila baraza, tangu Mkomani mpaka Langoni, na ambalo limeanza kuwagombanisha watu wa nyumba moja. Je, ujenzi wa nyumba mpya katika kisiwa chetu uwekewe mipaka, au kila mwenye ploti aachwe ajenge atakavyo?

Kamati imekaa juu ya swali hili mara nyingi, na si mara zote tulitoka tukicheka. Tulipofikia ni hapa: vilima vya mchanga vya Shela visijengwe, na mahali pengine papimwe ili watu wetu wapate pa kujenga. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Anayetaka la kwanza bila la pili hatuko naye, na anayetaka la pili bila la kwanza hatuko naye vilevile.

Tuanze na maji, kwa sababu wapo vijana waliozaliwa mjini, wakafungua mfereji maisha yao yote, na hawajapata kuambiwa maji yale yanatoka wapi.

Kisiwa cha Amu hakina mto. Mvua ya masika inapoanguka juu ya mchanga wa Shela haikimbilii baharini, mchanga unainywa. Maji hushuka polepole, yakijisafisha njiani, mpaka yanakutana na maji ya chumvi ambayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami ndani yake, hukaa juu. Ndiyo maana visima vinavyolisha mji vimechimbwa huko Shela, kwenye mchanga. Mama anayechota maji Mkomani anachota mvua iliyonyesha kwenye vilima vile.

Wataalamu wa maji ya chini ya ardhi wana kipimo chao kwa visiwa na pwani kama yetu. Wanasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukikisikia kipimo hicho mara ya kwanza unafurahi, unaona tuna hazina kubwa. Lakini kigeuze. Ukiyateremsha maji yale ya juu kwa mita 1 tu, kwa kuvuta kupita kiasi au kwa kuzuia mvua isiingie, maji ya chumvi yaliyo chini yanaweza kupanda kwa kadiri ya mita 40. Hayapandi siku hiyo hiyo. Yanapanda taratibu, na siku kisima kinapoonja chumvi, kazi ilikwisha fanyika zamani. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha si kazi ya mwaka mmoja wala miwili.

Sasa weka nyumba juu ya mchanga ule. Paa na ua wa saruji hupeleka mvua kwingine. Shimo la choo huvuja kwenye mchanga uleule unaochuja maji ya kunywa, na mchanga hauchagui cha kupitisha. Mwenye nyumba akichimba kisima chake na kuweka pampu, na pengine hodhi ya kuogelea juu yake, anavuta kutoka mahali pamoja na mji mzima. Majani na vichaka vinavyoushika mchanga hufyekwa ili bahari ionekane vizuri kutoka barazani, na baadaye upepo wa kusi unauhamisha mchanga. Nyumba moja haitauua mji. Wala hatujamsikia yeyote aliyejenga huko akisema alikuja kuwaharibia watu maji. Kila mmoja anajenga nyumba moja tu.

Hili si wasiwasi wa kamati peke yake. Mji wetu wa kale uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na katika maelezo ya UNESCO kuhusu mji huu, ujenzi usio halali kwenye vilima vya mchanga umetajwa kwa jina kuwa ni tishio, kwa sababu vilima hivyo ndivyo chanzo cha maji ya Amu. Watu wanakuja kutoka mbali kutazama milango yetu ya nakshi na kuta zetu za matumbawe na chokaa. Ukuta hauna haja ya maji. Wanaokaa nyuma ya ukuta ndio wenye haja.

Na anayedhani kwamba mji hauwezi kuhamwa kwa ajili ya maji, avuke mkondo aende Manda akaitazame Takwa. Ulikuwa mji wa watu, una msikiti wa Ijumaa, una ukuta. Ulihamwa katika karne ya 17. Zipo sababu kadhaa zinazotajwa, na mojawapo ni kwamba visima viliingia chumvi. Wazee wa Shela wanasimulia kuwa asili yao ni huko, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda kwenye kaburi la mnara pale Takwa kuomba mvua. Manda hadi hii leo haina maji matamu ya kutosha. Walihama wakaja upande wetu kwa sababu upande wetu ulikuwa na mchanga unaohifadhi maji. Sisi tukiharibu huku, upande wa tatu hatuujui.

Tumesema ya maji. Sasa tuseme ya vijana, na hapa tunaomba wazee watuvumilie, maana baadhi ya maneno yatawagusa.

Katika baraza zetu kuna tabia ya kuzungumzia ujenzi kana kwamba wanaojenga wote ni matajiri wa kutoka mbali. Si hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 101,539 katika Lamu nzima, na ile ya mwaka 2019 ikakuta 143,920. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko bara, Mpeketoni na Hindi na kwingineko, lakini mjini pia tunaliona kwa macho. Mji wa kale wenyewe ni hekta 16 tu. Na humo ndani huwezi kuongeza ghorofa ya zege upendavyo, lazima upate ruhusa ya watu wa makumbusho, nasi tunakubaliana na sheria hiyo.

Zamani Waamu walijua kuishi wengi mahali padogo. Binti akiolewa alijengewa juu ya nyumba ya wazazi wake, na familia ikipanuka ilivushwa juu ya kichochoro kwa wikio, nyumba mbili zikawa moja. Ilikuwa njia ya akili ya kukuza mji bila kula mashamba. Siku hizi nyumba ile ya babu ina warithi kumi na wanne, watatu wako Saudia, wawili hawasemezani, na dalali anakuja na bei ambayo hakuna kijana wa Amu anayeweza kuifikia hata akivua miaka thelathini. Inauzwa, inageuzwa nyumba ya wageni. Hatuwalaumu walionunua, maana wengine waliokoa kuta zilizokuwa zinaanguka. Lakini kijana wa nyumba ile ataoa na kuweka mke wapi? Ndiye huyo anayetafuta kipande pembezoni, na ndiye tunayemwona kwanza tunapopiga kelele za kuzuia ujenzi.

Kwa hiyo mtu akisimama na kusema “zuieni nyumba mpya”, tunamuuliza: zako wapi? Mwenye nyumba mbili Mkomani ni rahisi kwake kutaka mipaka. Mpaka unaopandisha thamani ya nyumba yake na kumwacha mtoto wa jirani katika chumba cha kupanga si mpaka wa kuhifadhi mji. Ndiyo sababu tumeandika katika maoni yetu kwa serikali ya kaunti kwamba pamoja na kuyalinda maeneo ya visima, ipimwe ardhi ya makazi mbali na mchanga huo, upande wa Wiyoni na kwingine panapofaa, na igawiwe wenyeji kwa orodha iliyo wazi, inayobandikwa ukutani kila mtu aisome. Njia za maji machafu zichorwe kabla ya nyumba ya kwanza, zisije zikafuata nyuma ya nyumba ya mia mbili kama ilivyozoeleka.

Kuna maneno mawili tunayoambiwa kila tukizungumza hivi.

La kwanza ni: “Nina hati, ploti ni yangu.” Wapo wenye hati, na hati si karatasi ya kufungia bajia. Aliyepewa kihalali, kwa ardhi iliyostahili kugawiwa, ana haki yake, na akizuiwa kujenga kwa manufaa ya wote basi alipwe au abadilishiwe mahali. Kumwambia tu “toka” ni dhuluma. Ila Katiba ya 2010 inatofautisha ardhi ya umma na ya mtu binafsi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyalinda mazingira. Hati iliyotoka juu ya ardhi ambayo haikustahili kugawiwa ina mahali pake pa kuhojiwa, napo ni mahakamani. Kamati haitamtaja mtu jukwaani wala kumbandika jina mlangoni.

La pili ni gumu zaidi: “Wakubwa wamekwisha jenga, mnatukataza sisi wadogo.” Ni kweli kwamba sheria ikiwekwa kwa mdomo humbana mnyonge tu. Mwenye nguvu huja na barua, na hakuna anayejua mstari unapita wapi wa kumwonyesha. Dawa yake ni mstari unaoonekana. Mawe ya mpaka yapandwe, ramani yake ibandikwe Shela, mjini, Matondoni na Kipungani, na kila ombi la kujenga ndani ya mstari litangazwe na kupingwa kwa maandishi katika muda wa sheria. Kupinga kwa maandishi kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa hapa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ule ulikuwa mradi mkubwa kuliko jumba lolote la Shela, na waliousimamisha walikuwa watu wa hapa hapa wenye karatasi zao mkononi.

Sasa tufike kwenye mfuko, maana harambee bila mfuko ni maulidi bila halua.

Fedha za mwaka huu tunaziombea kazi tatu. Ya kwanza ni ada ya mpima ardhi aliyesajiliwa, atakayetuchorea eneo la vilima na visima tupate ramani ya kuweka mbele ya serikali ya kaunti pamoja na maoni yetu. Kupanda mawe yenyewe ni kazi ya serikali, hatutaipora, lakini tusiende mikono mitupu. Ya pili ni gharama za wakili na karani wa kufuatilia matangazo ya maombi ya ujenzi, kwa sababu tangazo likipita bila mtu kulisoma ni kama halikutoka.

Ya tatu ni mabirika. Wazee wanakumbuka birika za nyumbani, na vile visamaki vilivyowekwa ndani vile mayai ya mbu. Tunataka kujenga birika za kukinga maji ya mvua kwenye madrasa na shule za msingi, kila paa kubwa likusanye chake wakati wa masika. Kila mtungi unaotoka kwenye paa ni mtungi ambao haukuvutwa Shela. Akina mama ndio waliotoa shauri hili, na mafundi wetu wa chokaa wamekubali kuwafunza vijana kazi hiyo badala ya kununua matangi ya plastiki, ingawa mweka hazina bado ana maoni yake kuhusu bei.

Asiye na fedha ana la kutoa vilevile. Wenye barua, ramani za zamani, au hati za mashamba ya upande wa Shela na Kipungani, tunaomba nakala. Wazee wanaokumbuka visima vilivyokuwa vitamu vikaacha kuwa vitamu, tunataka kuandika majina ya visima hivyo na mahali vilipo. Mlio ng'ambo, kabla hamjatia sahihi ya kuuza fungu lenu la nyumba au shamba, waulizeni kwanza jamaa walioko hapa kama yupo wa kununua, japo kwa kulipa kidogo kidogo.

Daftari la maoni liko mezani kwa katibu, karibu na mlango wa akina mama. Kuna kurasa za wanaounga mkono na kurasa za wanaopinga, na zote zitapelekwa kwa kaunti kama zilivyo. Mpima ardhi anangoja malipo ya kwanza ndipo aanze kazi, naye ametuomba aanze kabla ya masika, wakati mchanga ni mkavu na njia ya punda kwenda Kipungani bado inapitika.