Tope la Ndiva

Wakati sisi wa mjini tunaanza kuulizana miamvuli iko wapi, wakulima wa Same wanatafuta makoleo. Masika huingia mwezi Machi, na kabla hayajaingia, tope lililojaa ndani ya ndiva linapaswa liwe limetolewa.

Kwa asiyeijua Upareni, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Siku hizi nyingine zimesakafiwa kwa saruji. Maji ya kijito hukingwa humo usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwa mwenye zamu. Wapare walikuwa nazo kabla Mjerumani hajafika, wala hakuna mfadhili aliyewafundisha.

Shida ndiyo iliyowafundisha. Nyanda za chini upande wa magharibi wa milima hupata mvua ya milimita 500 au 600 hivi kwa mwaka mzima, nazo hugawanyika kati ya vuli na masika. Msimu mmoja wa mahindi ungeweza kuzinywa zote.

Hebu tuufuate mto mmoja. Juu mlimani wako watu wa Vudee. Chini yao ni Bangalala, yenye ndiva iitwayo Manoo. Chini kabisa, karibu na barabara kuu ya kwenda Moshi, ni Makanya. Zamani mto huo ulifika Makanya ukitiririka. Sasa hufika kwa mafuriko tu, mvua kubwa inaponyesha milimani. Mkulima wa Makanya huyapokea mafuriko hayo na kuyaelekeza kwenye mahindi yake. Yakija kwa kiasi, humletea maji pamoja na udongo wenye rutuba. Yakija kwa hasira, huondoka na mahindi. Huyo ndiye ninayemwonea uchungu kuliko wote, maana yeye hana hata zamu ya kugombania.

Sheria ipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka vibali, na inatambua vyama vya watumia maji. Mimi siipingi. Chama kinachowakutanisha wa juu na wa chini kitampa mtu wa Makanya mahali pa kusemea. Lakini kibali hakizoi tope. Tope huzolewa na msaragambo, yaani kazi ya wote kwa siku moja, na asiyefika hutozwa faini.

Hapo ndipo penye jambo langu la leo. Vijana wengi wako Dar es Salaam na Arusha. Wanaobaki kushika koleo ni akina mama na wazee. Nawajua baadhi yenu mnaonisikiliza: mna shamba la baba chini ya mfereji, na kila mwaka mnatuma faini mkidhani mmemaliza. Fedha hiyo ni nzuri, hununua saruji. Ila mgongo wa mzee wa miaka 70 ni ule ule, na ndiva isiyozolewa hupokea maji pungufu kila msimu, hata iwe na ukuta mzuri namna gani.

Atakayekwenda safari hii achukue viatu vya mpira. Tope lile hufika magotini.