Kupima Ukali wa Selimundu: Maumivu Yasiyofika Hospitalini

Mada kwa semina ya waganga, wauguzi, wataalamu wa maabara na watunza kumbukumbu za afya

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna fenotipu inavyofafanuliwa na kuchunguzwa. Wengi wetu tulisoma haya darasani, hivyo nitapita haraka. Mwaka 1909 Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alitenganisha jenotipu, yaani urithi ambao kiumbe amebeba, na fenotipu, yaani kila kinachoonekana au kupimika kwake: kimo, rangi, kundi la damu, hata tabia. Fenotipu huzaliwa pale urithi unapokutana na mazingira. Wanabaiolojia huipima kwa panya na mahindi. Sisi huipima kwa mgonjwa. Hayo yanatosha.

2. Badiliko moja, wagonjwa wasiofanana

Selimundu, au sikoseli kama wazazi wengi wanavyoiita, hutokana na badiliko dogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi amino moja, glutamiki, nafasi yake huchukuliwa na valini. Vernon Ingram alilionyesha hilo huko Cambridge mwaka 1957. Hata hivyo, watoto wawili wa baba na mama mmoja, wote SS (yaani wamerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili), mmoja anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule na mwingine akafika chuo kikuu.

Sehemu ya tofauti hiyo tunaijua. Mwenye himoglobini nyingi ya kichanga (HbF) kwa kawaida huumwa kidogo. Aliyerithi pia thalasemia ya alfa ana hatari ndogo zaidi ya kiharusi. HbF ni fenotipu nzuri kwa mtafiti, maana mashine hutoa asilimia, na asilimia hiyo haitegemei mgonjwa anaishi wapi. Ndiyo maana uchunguzi wa vinasaba kwa wagonjwa wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ulithibitisha mchango wa jeni ya BCL11A, ileile iliyobainishwa Ulaya na Marekani.

3. Tatizo lenyewe

Maumivu hayana mashine. Hapa ndipo nilipong'ang'ana kwa miaka mingi, na naomba niseme wazi, bila kulenga kituo chochote.

Tafiti nyingi hupima ukali wa selimundu kwa kuhesabu mara ambazo mgonjwa amefika hospitalini au amelazwa kwa maumivu. Utafiti mashuhuri wa Marekani wa 1991, ulioongozwa na Orah Platt, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,500 na kukuta kwamba wenye SS walipata kwa wastani vipindi 0.8 vya maumivu kwa mwaka. Asilimia 39 hawakuwa na hata kimoja. Lakini kipindi kilihesabiwa pale tu mgonjwa alipofika kwenye kituo cha tiba. Mwaka 2008 Wally Smith na wenzake wa Virginia walichapisha matokeo ya watu wazima 232 waliojaza shajara kila siku, hadi miezi sita. Maumivu yalikuwepo katika asilimia 54.5 ya siku hizo. Siku walizotafuta huduma zilikuwa asilimia 3.5.

Kama ni hivyo Virginia, tujiulize kuhusu kisiwa cha Ukerewe, mkoani Mwanza. Mtoto akishikwa na maumivu usiku, mama humkanda kwa maji ya moto, humpa parasetamo ya duka la dawa, na kusubiri kuche, kwa sababu kivuko hakiji kikiitwa na nauli haipo. Kwenye faili lake mwaka mzima hakuna kulazwa. Mwenzake anayeishi jirani na hospitali ya rufaa, mwenye bima, amelazwa mara nne. Mtafiti akifungua mafaili hayo, humweka wa Ukerewe kundi la wagonjwa wepesi. Alichopima hapo ni umbali na nauli. Mtoto huyo akifariki nyumbani, ataandikwa kuwa ameacha kliniki.

Madhara hayaishii kwenye makala za kisayansi. Mwongozo wa Marekani wa 2014 unashauri dawa ya haidroksiyurea kwa mtu mzima mwenye vipindi vitatu au zaidi vya maumivu ya wastani hadi makali ndani ya miezi 12. Tukihesabu kwa kulazwa peke yake, tunamnyima dawa yule asiyeweza kufika. Na naamini hii ni sababu moja inayofanya vinasaba vya maumivu visipatikane kwa uthabiti kama vile vya HbF: tunalinganisha damu iliyopimwa vizuri na maumivu yaliyopimwa vibaya.

Nimeomba safu moja ya ziada, ya siku za maumivu, kwenye fomu za kliniki katika vikao vingi. Jibu hurudi kwamba fomu zimeshachapishwa. Naheshimu taratibu na gharama zake, lakini wagonjwa hawa wanaumwa sasa.

4. Mapendekezo

Safu hiyo iongezwe: siku ngapi za maumivu tangu kliniki iliyopita, zikiwemo za nyumbani. Muuguzi aulize kila mara, hata mgonjwa akionekana mzima. Mzazi apewe kalenda ya kutia alama, na asiyesoma apewe yenye picha. Daftari la MTUHA, la takwimu za kituo, liendelee kuhesabu mahudhurio, ila takwimu hizo zisitumike peke yake kusema nani ana ugonjwa mkali. Kila utafiti unaotumia kulazwa kama kipimo uandike pia umbali wa makazi, nauli na bima. Majina ya dalili yafuate ontolojia (mpangilio wa istilahi) ya selimundu inayohusishwa na mtandao wa utafiti wa SickleInAfrica, ili takwimu za Mwanza zilinganishike na za Ghana na Nigeria. Uamuzi wa kuanza haidroksiyurea uzingatie maumivu ya nyumbani, kama nilivyokwisha sema. Mgonjwa aliyeacha kliniki apigiwe simu au afuatwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kabla jina lake halijafutwa kwenye orodha.

Kwa kuwa safu nimeirudia, niiombee na muda: iingie kwenye uchapishaji ujao wa fomu, na hadi hapo kila kliniki iiandike kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, kuanzia Jumatatu.