Mzaliwa wa Ugenini na Uraia Wake

Huko Gatete na kwingineko upande wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wamo Warundi ambao hawakuzaliwa Burundi. Wazazi wao waliyakimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapokewa Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko ndiko watoto walikozaliwa. Je, watoto hao ni raia wa nchi gani?

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 yasema kwamba aliyezaliwa nchini ni raia, isipokuwa wachache waliotajwa. Hata hivyo, kwa desturi mtoto wa mkimbizi alihesabiwa mkimbizi. Ndiyo maana mwaka 2010, Tanzania ilipowakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo, wengi wao walikuwa wazaliwa wa papo hapo.

Burundi, kwa upande wake, haiulizi mtu kazaliwa wapi, bali ni mwana wa nani. Sheria yake ya mwaka 2000 ilitanguliza ukoo wa baba. Lakini Katiba ya mwaka 2005 ilitamka kwamba watoto wa mwanamume Mrundi na wa mwanamke Mrundi wana haki sawa.

Basi aliyerejea Gatete na mama yake, hali baba yake si Mrundi, asiitwe mgeni. Bila karangamuntu, hata kudai shamba la michikichi la babu yake ni taabu. Kuzaliwa ugenini hakukuwa hiari yake. Kusifanywe kosa lake.